MTEGEMEA CHA NDUGUYE: PESA ZA KAUNTI HUTOKA WAPI?

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Mpendwa msomaji, huenda ukashangaa kumwona mwanachama wa Chama cha Kiswahili akiziacha ngeli na semi na kuandika juu ya pesa za serikali. Usishangae. Jambo hili lilinifika mimi mwenyewe, likanitoa darasani, na sikutulia mpaka nilipolielewa.

Ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa Februari, mwaka 2025, nikiwa Kidato cha Tatu. Baada ya paredi, mhasibu alisimama mbele yetu na karatasi mkononi, akaanza kusoma majina ya wanaodaiwa karo. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilijua karo yangu ya muhula ule ingelipwa na basari ya kaunti, kwani jina langu lilikuwa limebandikwa kwenye orodha katika ofisi ya wadi tangu mwezi wa Novemba. Kumbe jina kubandikwa ni jambo moja, na hundi kufika ni jambo jingine! Jina langu lilisomwa la saba. La jirani yangu wa dawati lilisomwa la nane.

"Hundi za kaunti hazijafika," mhasibu alituambia kwa upole. "Kaunti nayo inasema pesa hazijatoka Nairobi. Nendeni mzungumze na wazazi."

Nilishika njia na sanduku langu hadi sokoni anakouza Mama. Mama huuza sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Kabla sijamaliza kumweleza, kijana wa ushuru akafika. Mama alifungua fundo la leso, akatoa shilingi 50, akapewa risiti, akaichoma kwenye waya ambapo risiti zake zote huning'inia. Kisha akanigeukia.

"Ati pesa hazijatoka Nairobi? Mimi huwalipa hawa watu wa kaunti kila siku ya Mungu, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Wewe ndiwe unayesoma. Hebu niambie, kaunti inangoja pesa gani tena?"

Nilitafuta jibu, nikalikosa. Makala haya ni jibu langu kwa Mama. Nimelichelewesha, lakini wahenga walisema kawia ufike.

KUJITAWALA NUSU

Niliporudi shuleni, siku tisa zilikuwa zimepita na mtihani wa Kemia ulikuwa umenipita. Mama alikuwa amekopa kwenye chama chao cha akina mama. Nilimwendea mwalimu wetu wa somo la Biashara, nikamweleza swali la Mama kama lilivyo. Mwalimu alitabasamu, akanijibu kwa mfano.

"Chukulia kwamba mwalimu mkuu ameyaambia mabweni yote yajisimamie," alisema. "Kila bweni lichague kiongozi wake. Lijinunulie mifagio, sabuni na taa. Lakini pesa zote za wazazi hulipwa kwa mhasibu, na bweni hupata fungu lake pale mhasibu anapolitoa. Bweni lenyewe linaruhusiwa kukusanya faini ndogondogo tu. Je, bweni hilo linajitawala?"

"Linajitawala nusu, mwalimu," nikajibu.

"Basi hiyo nusu ndiyo habari yenyewe."

Naam, ugatuzi una miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kugawa kazi, yaani nani atafanya nini. Mguu wa pili ni kugawa fedha, yaani kazi hiyo itagharamiwa na nani. Serikali ya mashinani ikipewa kazi bila pesa, imepewa lawama. Ndiyo maana tukitaka kujua kama serikali fulani ya mashinani inajitegemea kifedha, tuulize maswali matatu: Nani anakusanya pesa? Nani anaamua zitumike kwa nini? Na nani anaamua zitoke lini?

Upande wa kazi, Katiba yetu ya mwaka 2010 ilieleza wazi katika Jedwali la Nne. Kaunti zilipewa zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, kilimo, barabara za kaunti, masoko, maji na usafi, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kazi hizo si haba. Sasa tutazame mguu wa pili. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana asiyejua atokako hajui aendako.

KODI YA BABU

Wakati wa likizo ya Aprili nilimuuliza Babu kama enzi zao kulikuwa na kaunti. Alicheka hadi akakohoa.

"Kaunti mnadhani ni yenu peke yenu?" aliniambia. "Sisi tulikuwa na kaunti kansili. Ndiyo ilisimamia shule za msingi, zahanati na barabara ndogo. Na tulilipa kodi! Ukikosa risiti ya kodi, ulijificha migombani ukimwona askari."

Babu alisema kweli. Katika miaka ya 1960, mabaraza ya wilaya yalikuwa na kazi kubwa na yalikuwa na kodi ya kuzigharamia. Kodi hiyo ilitozwa kila mtu mzima kulingana na kipato chake, mwenye kingi akalipa zaidi. Aidha, Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa imeunda majimbo saba yenye mabunge yake, kando na eneo la Nairobi. Lakini majimbo hayakudumu. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba, 1964, mamlaka yalivutwa yakarudi katikati.

Pigo la mabaraza ya wilaya lilikuja kwa sheria ya mwaka 1969. Kuanzia mwaka 1970, elimu ya msingi, afya na barabara zilihamishwa kutoka kwa mabaraza hayo zikapelekwa kwa serikali kuu. Ile kodi nayo ikaenda pamoja nazo, na baadaye ikafutwa. Mabaraza yakabaki na ushuru wa soko, leseni na ada za mazao. "Walibaki kutoza kuku na ndizi," kama asemavyo Babu. Sishangai kwamba kwa miaka mingi taka zilirundikana sokoni na mishahara ya wafanyakazi wa mabaraza ikachelewa. Mkono mtupu haulambwi, na baraza lisilo na pesa halisikilizwi.

Ahueni ilianza kuja polepole. Sheria ya mwaka 1998 iliagiza kwamba asilimia 5 ya kodi ya mapato igawiwe serikali za mitaa, ambazo wakati huo zilifika 175. Mwaka 2003 ikaja hazina ya ustawi wa maeneo bunge, iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Pesa hizo zilijenga madarasa mengi. Hata hivyo, zote zilitegemea sheria za kawaida za Bunge, na kinachotolewa kwa sheria ya kawaida huweza kuondolewa kwa sheria ya kawaida. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti, 2010 ndiyo iliyoliweka fungu la mashinani mahali ambapo waziri hawezi kulifuta kwa kalamu yake. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi, 2013, serikali 47 za kaunti zikaanza kazi.

SAFARI YA SHILINGI

Mpendwa msomaji, sasa tuifuate shilingi kutoka Nairobi hadi mashinani. Safari yake ina vituo vitatu.

Kituo cha kwanza ni mgao baina ya serikali ya kitaifa na kaunti zote kwa jumla. Kifungu cha 209 cha Katiba kiliipa serikali ya kitaifa kodi kubwa zote: kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kwa hiyo Mama anaponunua sabuni, kodi iliyo ndani ya bei ile huenda Nairobi. Kifungu cha 203 nacho chasema fungu la kaunti lisipungue asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa, na hesabu hizo huwa za miaka iliyopita. Ni kana kwamba Mama ameambiwa anipe asilimia 15 ya mauzo yake, lakini ya wakati ule alipokuwa akiuza kikapu kimoja tu. Leo anauza vikapu vitatu, mimi nahesabiwa kile kimoja. Ndiyo sababu fungu la kaunti huweza kuonekana limezidi sana asilimia 15, na bado magavana wakalalamika.

Katika mwaka wa fedha wa 2013/2014, mwaka wa kwanza wa kaunti, fungu hilo lilikuwa shilingi bilioni 190. Kufikia 2019/2020 lilikuwa bilioni 316.5, na mwaka 2021/2022 likawa bilioni 370. Kwa mwaka 2024/2025 lilipangwa liwe bilioni 400. Lakini Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipoondolewa kufuatia maandamano ya vijana, mapato yaliyotarajiwa yakapungua na fungu likashushwa hadi bilioni 387.4. Kwa mwaka 2025/2026 likapandishwa hadi bilioni 415. Umeona basi? Kaunti haikuamua kupanda wala kushuka kwa pesa hizo. Nairobi ikipata mafua, mashinani hupiga chafya.

Kituo cha pili ni mgao baina ya kaunti zenyewe. Hapa Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza, na Seneti huamua, kanuni ya kugawa. Kanuni hiyo hutazamwa upya kila baada ya miaka mitano. Kanuni ya kwanza ilitazama idadi ya watu kwa asilimia 45, fungu sawa kwa kila kaunti asilimia 25, umaskini asilimia 20, ukubwa wa ardhi asilimia 8, na uangalifu wa matumizi asilimia 2.

Usidhani kanuni hiyo ni hesabu kavu ya ubaoni. Mwaka 2020, maseneta walivutana juu ya kanuni ya tatu kwa vikao vingi. Waliotoka kaunti zenye watu wengi walisema pesa zifuate watu. Waliotoka kaunti kubwa zenye watu wachache walisema barabara haipungui urefu kwa kuwa inapitwa na watu wachache. Waliafikiana tarehe 17 Septemba, 2020, baada ya kukubaliwa kwamba mwaka uliofuata kapu lote liongezwe bilioni 53.5 ili kaunti isipoteze. Ndipo bilioni 316.5 zikawa 370. Lakini mwaka wa fedha ulikuwa umeanza tangu Julai! Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Nilichukua kikokotoo nikapiga hesabu yangu. Mwaka 2021/2022 Nairobi iligawiwa takriban shilingi bilioni 19.2, Turkana bilioni 12.6, na Lamu bilioni 3.1. Ukitazama haraka utasema Lamu imeonewa. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu kama milioni 4.4 Nairobi, kama 927,000 Turkana, na kama 144,000 Lamu. Ukigawanya, kila mkazi wa Nairobi alihesabiwa kama shilingi 4,400, wa Turkana kama 13,600, na wa Lamu zaidi ya 21,000. Kwa nini? Kwa sababu hata kaunti ndogo yahitaji hospitali, bunge la kaunti na ofisi, na kwa sababu Turkana ina eneo linaloipita Nairobi takriban mara mia moja. Kugawa sawa si lazima kuwe kugawa kwa haki, na kugawa kwa haki si lazima kuwe sawa.

Kituo cha tatu ni kutolewa kwa pesa zenyewe. Kifungu cha 219 chasema fungu la kaunti lipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa. Hazina ya Kitaifa hutuma pesa kwa mafungu ya kila mwezi, na Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe kabla kaunti haijazigusa. Haya ni mapambo mazuri ya sheria. Lakini Hazina ikiwa na uhaba, au mabunge mawili yakivutana, mafungu hukawia mwezi mmoja, miwili, hata zaidi. Mwaka 2019 Bunge la Taifa na Seneti walibishana juu ya kiasi cha fungu hadi Septemba, na kaunti zikakaa zikingoja. Mishahara ya wauguzi huchelewa, dawa hukosekana, na basari za watoto wa mama mboga hubaki kwenye orodha ukutani. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwetu siku zile hiyo haikuwa methali ya kukariri.

NA USHURU WA MAMA JE?

Hapa ndipo lilipo swali la Mama hasa. Kama kaunti hukusanya ushuru kila siku, mbona isijitegemee?

Jibu ni kwamba ushuru wa Mama ni wa kweli lakini ni mdogo. Mwaka 2018/2019 kaunti zote 47 zilikusanya takriban shilingi bilioni 40 kutoka vyanzo vyake, ilhali fungu kutoka kwa serikali ya kitaifa lilikuwa bilioni 314. Kwa maneno mengine, ukiyaweka mafungu hayo mawili pamoja, katika kila shilingi 100 kaunti zilijitafutia kama 11 tu. Nyingine 89 zilitoka Nairobi. Sasa nimeelewa kwa nini shilingi 50 za Mama hazikuweza kunirudisha darasani.

Sababu ni kadhaa. Kwanza, Katiba ilizipa kaunti kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma kama vile leseni, maegesho ya magari na soko. Kodi ya ardhi ndiyo ingekuwa nono, kwa kuwa ardhi haina miguu ya kutoroka. Lakini mahali pengi orodha za thamani ya ardhi zilikaa miaka mingi bila kurekebishwa, na kiwanja kikatozwa kana kwamba bado ni shamba la miwa. Vijijini, mashamba mengi hayatozwi kabisa.

Pili, kaunti haiwezi kutoza ipendavyo. Kodi zake zisidhuru uchumi wa nchi wala zisizuie bidhaa kupita kutoka kaunti moja hadi nyingine. Kama kila kaunti ingefunga barabara na kutoza lori la vitunguu, kitunguu kingefika kwa Mama kikiwa na bei ya nyama.

Tatu, kaunti haiwezi kukopa ovyo. Katiba yataka mkopo wowote udhaminiwe na serikali ya kitaifa na kupitishwa na bunge la kaunti.

Nne, na hili tuliseme bila kuficha, kuna pesa zinazovuja njiani. Kabla ya malipo ya simu kuenea, wapo waliolipa ushuru bila kupewa risiti. Pesa isiyo na risiti ni maji kwenye kikapu.

"Basi si kaunti zipewe hizo kodi kubwa?" nilimuuliza mwalimu.

"Pole pole," akanijibu. "Makampuni makubwa yana ofisi zake wapi?"

"Nairobi."

"Na huuza bidhaa zake wapi?"

"Kila mahali."

"Kodi yao ya mapato ikiwa ya kaunti, nani ataila?"

Nilinyamaza. Nairobi ingeila, na Wajir ikabaki kutazama. Kumbe kodi kubwa kukusanywa mahali pamoja si uonevu wenyewe. Huwezesha aliyebahatika kumsaidia asiyebahatika. Isitoshe, Katiba ilianzisha Mfuko wa Usawazishaji, unaopewa asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Kwa hiyo ubaya hauko katika kupewa. Ubaya uko katika kupewa kwa kuchelewa, na katika kuzoea kupewa hata mtu akasahau kulima shamba lake mwenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini nduguye aliyeahidi naye atimize, kwa maana ahadi ni deni.

Na tusizitakase kaunti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 yataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kaunti nyingi zimekosa kufika hapo, pesa zikaishia kwenye mishahara na safari. Nairobi ikichelewesha, kaunti hulalamika. Je, kaunti inapomchelewesha fundi aliyejenga zahanati yake, yeye alalamike wapi?

BASARI YANGU

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. La hasha! Mwalimu alinifungulia ukurasa mwingine. Je, unakumbuka kazi za kaunti nilizotaja pale juu? Zisome tena. Kuna chekechea, kuna vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za sekondari hazimo! Elimu ya sekondari ni kazi ya serikali ya kitaifa. Basari ya kaunti ilikuwa pesa ya kaunti ikifanya kazi ya mwingine.

Mwezi wa Januari mwaka 2025, Msimamizi wa Bajeti aliziandikia kaunti waraka akisema zisilipe basari kama hizo pasipo makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Magavana walipinga, na jambo likafikishwa mahakamani. Mimi nilikuwa na sanduku begani siku hizo, wala sikujua kwamba karo yangu ilikuwa imekwama mahali pawili: pesa zilikuwa zimechelewa, na hata zikifika kulikuwa na ubishi kama zinaweza kunilipia.

Nakiri nilipandwa na hasira. Nilitaka kusema sheria haina utu. Lakini baadaye nilimfikiria mtoto wa chekechea kijijini kwetu anayesomea chini ya mwembe. Yeye ndiye wa kaunti hasa. Kila shilingi niliyopewa mimi ilitoka kwenye fungu ambalo pia ni lake. Mwenye kustahili kunilipia ni mwingine, na huyo mwingine alikuwa hajanilipia ya kutosha. Ndipo nikaelewa kwamba mgawanyo wa kazi na pesa si maneno ya wanasheria tu. Kazi ikiwa huku na pesa ikiwa kule, katikati husimama mtoto na sanduku.

Hundi yangu ilifika muhula wa pili, na Mama akalipa deni la chama. Jirani yangu wa dawati hakuwa na mama mwenye chama. Hakurudi muhula ule wote. Aliporudi Mei alikuwa amepitwa na mengi, na mpaka leo tunasoma pamoja usiku ili kuziba lile pengo.

JIBU KWA MAMA

Jioni moja nilimpangia Mama nyanya kumi mezani. Nikamwambia, "Mama, hizi kumi ndizo pesa za kaunti. Hii moja ndiyo yako wewe na wenzako wa sokoni, na wenye leseni, na wenye viwanja. Hizi tisa hutoka Nairobi. Zikichelewa, hii moja haiwezi kupika mchuzi."

Mama aliitazama ile nyanya moja kwa muda mrefu. "Lakini hii ni yangu," akasema. "Hii siwezi kuambiwa haijatoka Nairobi. Choo cha soko kimefungwa kufuli tangu mwaka jana. Kisifunguliwe kwa hii?"

Ama kweli, mwalimu wa Biashara hakunifundisha hilo. Uhuru wa kifedha wa serikali ya mashinani huanzia kwa mtu anayeshika risiti yake na kuuliza. Katiba, kifungu cha 201, inataka uwazi na ushirikishaji wa wananchi katika fedha za umma, na kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti. Mama hakuwa amewahi kwenda, akidhani ni mikutano ya wanasiasa. Mwaka 2025 alikwenda, na waya wake wa risiti mkononi. Aliwahesabia maofisa risiti za mwezi mmoja mbele ya watu wote, kisha akauliza juu ya choo. Watu walipiga makofi. Ofisa aliandika. Baada ya wiki kadhaa mfereji wa maji ulirekebishwa. Choo bado kina kufuli wakati ninapoandika haya, na Mama ameapa kurudi.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutapiga kura katika uchaguzi wa mwaka 2027 ama ule utakaofuata. Tusiende tukiwa hatujui nani anapaswa kutufanyia nini. Likizo ikifika, waulize wazazi wako wanalipa nini kwa kaunti na wanapewa risiti. Ulizia ofisi ya wadi bajeti imetenga nini kwa kijiji chenu. Ukiambiwa pesa hazijatoka Nairobi, kubali kwamba huenda ni kweli kwa nyanya tisa. Kisha, kwa heshima na adabu, uliza habari za ile moja.